Nyimbo kwa Mgonjwa Anayengoja Kupasuliwa

Somo letu la mwezi huu latoka hospitalini. Twataka kulitazama jambo moja ambalo wengi wetu tumelifanya miaka mingi bila kulifikiri, nalo ni kumwimbia mgonjwa. Hasa twamtazama mgonjwa yule atakayepasuliwa: kabla ya kisu, wakati wa kisu, na siku zinazofuata. Je, wimbo wamsaidia kweli, au ni desturi njema tu? Na kama wamsaidia, ni wimbo upi, uimbwe lini, na nani, kwa sauti gani? Maana tumeona wimbo ukimtuliza mtu, na tumeona pia wimbo ukimzidishia hofu aliyokuwa nayo.

Hatulileti jambo hili ili kujaza nafasi ya gazeti. Hapa petu Kongwa wako watu ambao hofu ya kisu imewanyima macho. Nchi yetu ni kavu, ina vumbi na inzi, na maji twayachota mbali. Kwa hiyo ugonjwa wa vikope, ambao waganga huuita trakoma, umekaa nasi tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1980 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya kazi pamoja na Watanzania katika vijiji vya Kongwa. Walipima macho ya watoto, wakajaribu mafundisho ya kunawa uso, na baadaye wakatazama matokeo ya dawa iitwayo azithromaisini ilipogawiwa kijiji kwa kijiji. Mambo mengi ambayo ulimwengu wayajua leo juu ya ugonjwa huu yalijulikana kwa macho ya watoto wa hapa. Nao ugonjwa umepungua.

Walakini makovu ya zamani hayaponi kwa kidonge. Mtu aliyeugua mara nyingi utotoni, kope lake hujikunja kwa ndani kidogo kidogo, hata nywele zake zikageuka na kukwaruza kioo cha jicho kila apepesapo. Wanawake ndio wapatwao zaidi, kwa kuwa hao ndio wanaolea watoto, na watoto ndio wanaobeba ugonjwa. Mama wa namna hii hung'oa zile nywele kwa koleo ndogo, zaota tena, fupi na kali, ang'oa tena. Hufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, hata siku moja kioo cha jicho kimekuwa cheupe, na hapo koleo haina kazi tena.

Dawa yake ni upasuaji mdogo. Mganga huchoma sindano ya ganzi katika kope, hulikata, huugeuza ukingo wake utazame nje, kisha hushona. Kazi hii yaweza kufanywa hata katika zahanati, na tabibu au muuguzi aliyefundishwa, wala si kazi ya kutwa. Lakini mgonjwa halali usingizi. Yu macho. Aiona taa, asikia vyuma vikigongana katika sahani, asikia pumzi ya mganga juu ya uso wake, na kisu kiko mahali ambapo kila mtu hufumba akikaribiwa hata na jani. Nani asiyeogopa?

Twajua ziko sababu nyingine zinazowazuia watu wasiende: njia ni ndefu, nauli haipo, nyumbani hakuna wa kuchota maji na kupika, tena hakuna kijana wa kumshika mkono bibi na kumrudisha akiwa amefungwa jicho. Hizo zatupasa kuzisaidia kwa mikono, si kwa nyimbo. Lakini mara ngapi tumejibiwa, “Baba Mchungaji, nitakwenda baada ya mavuno”. Na baada ya mavuno, “Tungoje kwanza mvua”! Ukikaa naye vizuri na kumsikiliza, waona kwamba si mavuno wala si mvua. Ni ile sindano. Basi somo hili ni kwa ajili ya huyo, na kwa ajili ya kila mtu alazwaye mezani, awe na ngiri, au uvimbe, au mfupa uliovunjika, au mtoto asiyeweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida.

Yafaa tufahamu kwanza jinsi hofu inavyotenda kazi mwilini. Hofu na maumivu ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aogopapo, moyo wake hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Misuli iliyokaza huuma zaidi ikiguswa. Na akili yote humkimbilia mganga na mkono wake, ikingoja uchungu, hata uchungu ukija waukuta mlango wazi. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Melzack na Wall, walieleza kwamba habari za maumivu hazipandi moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo kama maji katika bomba. Katika uti wa mgongo pana kitu kama lango. Nao ubongo, kwa hofu yake au kwa utulivu wake, waweza kulifungua zaidi au kulifunga kiasi. Mambo mengi yameongezwa na kusahihishwa tangu mwaka huo, lakini neno kuu limesimama: maumivu si ya jeraha peke yake, ni ya mtu mzima.

Naam, ndipo wimbo uingiapo. Wimbo hauugusi uzi wala kisu. Huigusa akili iliyokuwa ikikingoja kisu, huipa kazi nyingine. Wimbo wa polepole huivuta pumzi ifuate mwendo wake, na pumzi ikitulia, moyo nao hupunguza mbio. Tena mtu asikiaye wimbo aujuao ajua neno lifuatalo kabla halijaimbwa. Twaona hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana katika chumba kile cha kupasulia hakuna kitu kingine chochote ambacho mgonjwa akijua kitafuata nini.

Waganga wenyewe wameligundua jambo hili zamani. Kabla ya mwaka 1846, dawa ya usingizi ya etha ilipoonyeshwa hadharani katika mji wa Boston, mtu alikatwa huku ameshikwa na wanaume wenye nguvu. Etha ilipopatikana, uchungu wa kisu uliondoka. Lakini hofu ya dakika zile za kungoja ilibaki palepale. Katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani palikuwa na mpasuaji aitwaye Evan O'Neill Kane. Mwaka 1914 aliandika katika gazeti la waganga wa nchi yake kwamba ameweka santuri katika chumba cha kupasulia, ili mgonjwa asikilize muziki badala ya kusikiliza matayarisho yanayomtisha. Huyu Kane ndiye yule aliyejipasua mwenyewe mwaka 1921 na kukitoa kidole tumbo chake kwa mikono yake, akitumia dawa ya ganzi. Twadhani mtu wa namna hiyo aliijua hofu ya mgonjwa kuliko wapasuaji wengine!

Tangu hapo yamefanyika majaribio mengi. Namna yake ni hii: wagonjwa wagawanywa kwa kura, hawa wasikilize muziki, hawa wasisikilize, kisha wote waulizwa habari ya hofu na maumivu yao, tena wapimwa moyo na damu. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 26 yaliyohusu hofu kabla ya kupasuliwa, yenye watu 2,051. Waliona kwamba waliosikiliza muziki walikuwa na hofu pungufu. Katika kipimo kinachoanzia alama 20 hadi 80, walishuka karibu alama 6 kuliko wenzao. Mwaka 2015 wengine, wakiwa Uingereza, wakakusanya majaribio 73 na kuchapa habari zake katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet. Hao nao waliona kwamba baada ya kupasuliwa, waliosikiliza muziki walikuwa na maumivu pungufu na hofu pungufu, wakahitaji dawa pungufu za kutuliza maumivu, wakaridhika zaidi na matunzo. Faida ilionekana hata kwa waliokuwa wamelala kwa dawa ya usingizi. Lakini siku za kukaa hospitalini hazikupungua. Twalisema hili la mwisho makusudi, ili mtu asije akatangaza kijijini kwamba wimbo huponyesha kidonda upesi.

Tena msomaji mwenye busara atauliza: mgonjwa aliyesikiliza muziki ajua amesikiliza, je, hakuwapendeza tu waliomwuliza? Swali hilo ni la haki, na wataalamu wenyewe wamelikiri. Kidonge cha kweli waweza kukificha kati ya vidonge vya uongo, wimbo huwezi kuuficha. Kwa hiyo twavipenda zaidi vipimo ambavyo mgonjwa hawezi kuvipendeza kwa maneno. Mwaka 2001 kule Marekani walichapisha habari za wazee 40 waliopasuliwa macho, nusu yao wakiwa na muziki waliouchagua wenyewe. Wiki moja kabla, damu ya wote ilikuwa na shinikizo la kawaida. Asubuhi ya upasuaji ilipanda kwa wote. Wenye muziki, shinikizo lilishuka likarudi karibu na kawaida yake. Wasio na muziki, lilikaa juu hata mwisho wa kazi. Damu haijui kusema uongo. Nasi watu wa Kongwa yatufaa kulikumbuka jaribio hilo kuliko mengine yote, maana wale walikuwa wazee, na kisu kilikuwa machoni, nao walikuwa macho.

Jaribio moja zaidi, kwa sababu lina funzo la upande wa pili. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 157 huko Pennsylvania waliokuwa wakichomwa sindano za kufisha ganzi mkono au mguu kabla ya kupasuliwa. Baadhi walipewa dawa ya kutuliza hofu mshipani, na wengine walisikiliza muziki masikioni. Hofu ilipungua karibu sawasawa. Lakini wenye muziki hawakuridhika kama wenzao, pengine kwa sababu muziki haukuwa wa kuchagua wao. Tena kwa kuwa masikio yao yalikuwa yamezibwa, ilikuwa taabu kusemezana na mganga. Yashikeni mambo hayo mawili, ndugu. Mgonjwa achague mwenyewe. Na masikio yake yasizibwe.

Wengi mmekwisha kumkumbuka Daudi na kinubi chake mbele ya mfalme Sauli. Ni kweli, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 16, twasoma kwamba kinubi kilimburudisha mfalme. Lakini walimu, msiishie hapo mnapofundisha. Someni mbele, sura ya 18 na ya 19. Ni kinubi kile kile, mpigaji yule yule, na msikiaji yule yule. Naye Sauli akamrushia Daudi mkuki. Muziki si uchawi. Wakati mmoja humtuliza mtu, na wakati mwingine hauwezi, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wimbo haulifikii. Mgonjwa akikuambia, “Nyamazeni, nimechoka,” usifadhaike wala usimhesabu kuwa mtu asiye na imani. Nyamaza.

Tena wako Paulo na Sila, walioimba usiku gerezani hali wakiwa na majeraha ya fimbo. Wengi huikumbuka ile nyimbo na lile tetemeko, wakasahau jambo dogo lililofuata: mlinzi aliwachukua usiku ule ule akawaosha majeraha yao. Walikuwa wameimba, lakini bado walihitaji maji. Basi akija mtu katika usharika wako akasema kwamba mgonjwa akiimbiwa na kuombewa vya kutosha hahitaji kisu, au hahitaji sindano ya ganzi, mwonyeshe sura hiyo ya 16 ya Matendo ya Mitume.

Hata wazee wetu Wagogo walijua kuuweka wimbo kando ya kisu. Jandoni nyimbo ziliimbwa, na kijana alizifundishwa, na kundi lote likaimba ili ajitie nguvu. Lakini tuseme kweli yote. Kelele ile ilikuwa na kazi mbili: kumpa kijana moyo, na kukifunika kilio chake mama asikisikie. Hizo si kazi moja. Wimbo wa kwanza humhudumia anayekatwa. Wa pili huwahudumia wanaotazama. Na tena kwa wasichana, nyimbo na ngoma zimefunika jambo baya kabisa, yaani ukeketaji, ambao katika mkoa wetu wa Dodoma umekuwa na mizizi mirefu, na ambao sheria ya nchi imekataza wasitendewe wasichana walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Kwa hiyo wimbo mzuri hauhalalishi kisu kibaya. Twaleta mfano huu ili kila mtu ajiulize anapoimba kando ya kitanda: namwimbia nani? Mgonjwa, au hofu yangu mwenyewe ya kumwona akiteseka?

Sasa twende kwenye kuchagua wimbo. Katika majaribio tuliyoyataja, muziki ulikuwa wa namna nyingi, na hakuna uliothibitika kuwa dawa kuliko mwingine. Twadhani chenye nguvu ni kuupenda na kuujua. Basi bibi wa Kongwa asiwekewe vinanda vya Ulaya eti kwa kuwa kitabu fulani kimevisifu. Sisi tuna utajiri wetu. Tuna zeze, tuna ilimba, na tuna ile namna ya Wagogo ya kuimba sauti nyingi zikipishana, ambayo watu wa mbali husafiri kuja kuisikia. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliichukua zeze na ilimba hata Ulaya na Marekani, na watu wasioelewa neno moja la Kigogo walikaa kimya wakimsikiliza. Kama sauti hiyo yaweza kumtuliza mgeni, je, haitamtuliza aliyeisikia mgongoni mwa mama yake?

Wengine huona haya zeze kuingia hospitalini, hasa kama mwimbishaji ni mtu wa kanisa. Wadhani kwamba huko pana nafasi ya tenzi tu. Hatukubaliani nao. Mgonjwa akitaka tenzi, aimbiwe tenzi. Akitaka wimbo wa kusagia mtama alioimba na dada zake, aimbiwe huo. Ila nyimbo za ngoma zenye mwendo wa haraka na vishindo zingojee apone. Mwendo wa haraka huuvuta moyo nao ukimbie.

Tena, tafadhali sana, msimwimbie mtu anayekwenda kupasuliwa nyimbo za maziko! Twaweza kudhani jambo hili halihitaji kusemwa. Lakini tumeona kwaya nzima ikisimama kando ya kitanda usiku wa kuamkia kisu, nao kwa moyo mweupe kabisa wakaanza wimbo ambao usharika huimba njiani kwenda makaburini. Waimbaji waliutazama uzuri wa sauti. Mgonjwa aliusikia mchanga. Asubuhi alisema atarudi nyumbani kwanza, akaonane na watoto.

Basi mwenendo wetu uwe hivi. Siku moja au mbili kabla, mwinjilisti au mzee wa kanisa amtembelee mgonjwa nyumbani, peke yake au na mtu mmoja. Amwulize kwa upole, “Mama, wimbo upi wakupumzisha?” Ampe nafasi ya kufikiri. Mara nyingi jibu la kwanza ni la heshima, yaani wimbo adhaniao kwamba mwinjilisti ataupenda. Jibu la pili au la tatu ndilo la kweli. Siku hizi watu wengi wana simu za mkononi zinazoweza kushika sauti. Mjukuu auimbe wimbo huo pamoja na mama zake wawili watatu, waushike katika simu, na bibi ausikilize jioni ile akiwa kitandani kwake, ili sauti hiyo izoeane na kupumzika kabla haijakutana na hospitali.

Asubuhi ya upasuaji, kungoja ndiko kunakowashinda watu. Wakaa juu ya benchi, saa nzima au zaidi, wakimtazama kila atokaye akiwa na bandeji. Hapo wimbo una kazi kubwa kuliko mahali pote. Lakini kwanza mwombeni ruhusa muuguzi wa zamu. Hospitali ina utaratibu wake, nayo si kanisa letu. Juu ya benchi lile wamekaa Waislamu, Waanglikana, Wakatoliki, na wasiotaka kusikia wimbo wo wote. Kila mmoja ana hofu yake. Simu iwekwe karibu na sikio la mgonjwa, kwa sauti ya chini kiasi kwamba muuguzi akiliita jina lake, alisikia. Au mtu mmoja akae naye na kumwimbia polepole, kama amwimbiavyo mtoto. Kwaya na isubiri nje ya uzio, au afadhali ibaki nyumbani ikapike.

Akiingia ndani, neno ni la mganga. Wako wanaokubali simu iwekwe karibu, wako wanaokataa, nao wana sababu zao. Huyo ashikaye kisu lazima naye asikie na awaze. Wakikubali, simu ipanguswe kwanza na ishikwe na muuguzi, isiguse vyombo vilivyotakaswa. Kwa upasuaji wa kope lipo sharti moja la pekee: mgonjwa asikilize, asiimbe. Mtu aimbapo, uso wote hucheza, na kope hucheza pamoja nao. Mwelezeni hivi mapema, maana bibi zetu wakiusikia wimbo wao hawawezi kujizuia kuitikia. Mwambieni aitikie kwa kidole gumba ndani ya kiganja chake. Dakika iliyo ngumu kupita zote ni ile ya sindano ya ganzi yenyewe, kabla kope halijafa. Basi wimbo uwe umekwisha kuanza wakati huo, usianze baada yake.

Kwa mama anayepasuliwa ili azae, mambo yafanana. Mara nyingi hupewa ganzi ya mgongoni, naye yu macho, asikia yote. Lakini kazi ile aghalabu huja ghafula, usiku, bila siku mbili za kujitayarisha. Twawashauri wazee wa kanisa wa kike wawaulize wajawazito mapema habari ya wimbo wao, kama wawaulizavyo habari ya nguo za mtoto na nauli ya kwenda hospitali. Akizaa bila kisu, wimbo haujapotea.

Na likija neno la maumivu baada ya kisu, tusikilize kwa makini. Wimbo hupunguza, hauondoi. Mgonjwa asizuiwe kuomba dawa kwa kuwa ameimbiwa, wala asione haya. Tena maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua, au usaha, au homa, au kidonda chenye harufu, hayo ni habari ambayo mwili wampelekea mganga. Kumwimbia mtu wa namna hiyo na kumwacha alale ni kuifunga barua isisomwe. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Usiku wa kwanza, aliyepasuliwa kope amefungwa jicho, na pengine yote mawili. Ganzi imekwisha, na giza limemwingia kabla ya magharibi. Amebaki na masikio tu. Wengi waliotueleza habari zao walisema kwamba usiku huo walidhani wamekwisha kuwa vipofu, na hawakuwa na ujasiri wa kuuliza. Usiku huo mtu na akae naye. Amwambie wazi kwamba bandeji itafunguliwa kesho, na kwamba giza hili ni la kitambaa. Kisha amwimbie, au aiwashe ile simu, wimbo ule ule wa asubuhi, si mpya.

Kesho yake bandeji ikifunguliwa, kope litakuwa limevimba, naye atapewa dawa na siku ya kurudi. Kama kope limeshonwa kwa nyuzi za kutolewa, hutolewa baada ya wiki moja au mbili. Siku hiyo husahauliwa. Watu huona kazi imekwisha, kijana wa kumshika mkono amekwenda kuchunga, na bibi aachwa aende peke yake au asiende; tena wako waliokaa na nyuzi zao wiki nyingi kwa kuogopa mkasi mdogo kuliko walivyoogopa kisu. Mzee wa kanisa aiandike tarehe hiyo katika daftari lake siku ile ile mgonjwa arudipo nyumbani, amtafutie wa kumsindikiza, na huyo msindikizaji achukue simu.